Mkasi wa Marehemu na Radhi ya Mama

Habari za kifo chake nilizipata kwa simu nikiwa dukani Maili Moja, nasubiri kupimiwa sukari. Aliyenipigia alikuwa mpangaji mwenzake, na alizungumza kwa haraka kwa kuwa alikuwa na watu wengi wa kuwaarifu: mzee amefariki alfajiri hospitalini, ndugu zake wako njiani kumchukua, maziko ni leo hii Kibuta, Kisarawe, baada ya alasiri. Wanaoifuata safu hii kwa muda mrefu watakumbuka kwamba nimewahi kumgusia mara mbili tatu, kila mara kwa kumtania na bila kumtaja jina. Hata leo sitamtaja, kwa sababu mwenyewe hakupenda, na dada yake ameniomba hivyo. Nimechelewa kuandika na nimechelewa kwa makusudi. Kama ningeandika siku zile za msiba, mngesoma safu ya mtu mwenye majonzi. Leo naandika nikiwa nimeshusha pumzi, tena pumzi ndefu, na nitawaeleza sababu yake hatua kwa hatua.

Alikuwa mtengeneza picha ambaye hakushika brashi hata siku moja. Alikuwa na mkasi, na gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Aliokota mifuko ya saruji, kalenda zilizopitwa na wakati, mabango ya wagombea yaliyobanduka ukutani uchaguzi ulipokwisha, na mabaki ya vitambaa chini ya vyerehani vya mafundi wa pale Kibaha. Alivikata, akavipanga, akavibandika juu ya gunia mpaka vikatoa sura ya mtu, au barabara, au mvua inayokuja. Mara moja alikuja kwangu kuomba magazeti ya zamani, nami nikafurahi nikidhani anataka kusoma. Baadaye akanialika nikaone picha mpya, na humo nikaikuta safu yangu, niliyoiandika kwa jasho juu ya kukatika kwa umeme, imegeuzwa majani ya mnazi. Nilimuuliza kama angalau aliisoma kwanza. Alisema aliisoma yote, na kwamba kwa maoni yake imependeza zaidi ikiwa majani. Nilinuna siku nzima, kisha nikaanza kuwasimulia watu kwa majivuno.

Ufundi huo hakuupata shuleni. Ujanani alikuwa msaidizi kwenye gari la sinema la serikali, lile lililokuwa likizunguka vijijini kuonyesha filamu za afya na kilimo. Filamu za wakati ule zilikuwa utepe, na utepe ulikatika kila mara, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuondoa sehemu iliyoharibika na kuunganisha iliyobaki. Jioni moja huko Marui utepe ulikatika, watu wakaanza kupiga miluzi, naye kwa haraka akaunganisha vipande vya filamu mbili tofauti. Mama aliyekuwa akimnawisha mtoto aliinama kwenye beseni, na kilichoinuka kilikuwa ng'ombe anatoka kwenye josho. Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Bwana afya alikasirika, msaidizi akapewa onyo, lakini aliniambia kwamba tangu jioni ile hakupata raha mpaka alipoanza kulirudia kosa lile kwa makusudi. Kazi yake yote ya baadaye, ya picha na ya filamu, ilitoka hapo.

Alipopata kamera ya kanda alianza kutengeneza filamu zake mwenyewe, na mojawapo niliitazama kwenye kibanda cha video pale Kibaha, ambako vijana hulipia kuangalia mpira na filamu za kivita zinazotafsiriwa na jamaa mwenye maikrofoni. Filamu yake haikuwa na neno hata moja. Mwanamke alikuwa akimenya muhogo, ila picha imerudishwa nyuma, kwa hiyo maganda yaliruka kutoka chini na kuuvika muhogo mpaka ukawa mzima, kisha ukaingia ardhini na mche ukasimama. Vijana walivumilia kidogo, halafu mmoja akauliza stering, yaani shujaa wa filamu, ni nani humu. Marehemu akajibu kutoka nyuma, bila kutabasamu, kwamba stering ni muhogo. Minong'ono ikazidi, na mwenye kibanda, kwa kuogopa watu wasidai kiingilio chao, akamwashia mtafsiri maikrofoni. "Muhogo huyu," mtafsiri akaanza, "alitoka kwao kwa hasira. Mjini wamemvua nguo wakamwacha mweupe. Sasa kakumbuka nyumbani. Mnaona? Anavaa, anarudi kwao." Kibanda kizima kilitulia, na muhogo ulipozama ardhini wakaushangilia kwa makofi. Marehemu alicheka mpaka ikabidi atoke nje.

Tangu hapo kila alipoonyesha filamu alimwita yule mtafsiri na kumwambia aseme anachokiona. Nilimuuliza kwa nini asiseme mwenyewe. Alisema kazi ya mkono wake ni kukata na kuunga, na kusema ni haki ya anayetazama. Kwa watazamaji wa kibandani jibu hilo lilikuwa zuri, na mimi mwenyewe nimelitumia katika mazungumzo kama vile ni langu. Kwa ndugu wa damu lilikuwa jibu la hatari.

Dada yake mkubwa anaishi Kibuta, kwenye nyumba waliyozaliwa. Ndio wawili waliokuwa wamebaki. Mama yao alipofariki aliacha picha yake moja tu, iliyopigwa studio, ikakaa kwenye fremu ya kioo katika chumba chake. Baada ya miaka picha ikaingia madoa kwa chini, na marehemu alipokuja kusalimia aliiomba akaitengeneze Kibaha. Dada akampa. Picha haikurudi. Kilichorudi ni habari: mjukuu wa dada, aliyepelekwa na shule kutazama maonyesho Dar es Salaam, alikuja kusimulia kwamba amemwona bibi wa kwenye fremu, uso wake umekatwa na kubandikwa kwenye gunia, na chini yake pana kikaratasi cha bei.

Dada hakugomba. Marehemu alipokwenda tena Kibuta, aliitikiwa shikamoo yake, akapikiwa, akatandikiwa, ila mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Aliulizwa swali moja tu, kwa nini amemkata mama. Na yule bwana, ambaye angeweza kukueleza habari za gundi mpaka chai yako ikapoa, alijibu kwamba kazi ikiisha ataileta, na dada ataona mwenyewe. Hakuileta. Kwake hapakuwa na kazi iliyowahi kuisha; hata zilizokwisha kutundikwa alizitundua na kuzianza upya. Dada akabaki na imani kwamba mdogo wake amemkata mama yao na kumuuza, na waliishi hivyo, wakipeana salamu na chakula, mpaka alfajiri ile ya hospitalini.

Tulimzika Kibuta jioni hiyohiyo. Nilipokwenda kumpa dada pole, alinishika mkono akanivuta pembeni ya mkeka, kwa kuwa alijua nilikuwa karibu na mdogo wake. Nilitegemea aniulize alivyougua. "Mwanangu, mimi nimemsamehe, yangu yamekwisha," alisema. "Lakini mama hakuombwa. Mtoto kamtia mama yake mkasi, kamtia bei, hajaomba radhi, kaenda hivyo hivyo. Mimi nitalalaje?" Msomaji ambaye hakulelewa katika nyumba za namna ile anaweza kudhani hilo lilikuwa neno la majonzi tu. Wanaojua wanajua: radhi ya mama ni kitu ambacho mtu huondoka nacho duniani au huondoka mikono mitupu, na dada huyo alikuwa na hofu ya kweli kwa ajili ya mdogo wake aliyelazwa kaburini saa ile.

Wakati huohuo uani watu walikuwa wakicheka, na walikuwa na ruhusa. Wazaramo, kabila la marehemu, na Wasukuma ni watani tangu zamani, na siku hizi mtani hana haja ya kusafiri kutoka mbali, maana wafugaji wa Kisukuma wamehamia na ng'ombe wao mpaka Vihingo, hukuhuku Kisarawe. Mmoja wao, mama wa makamo anayeuza maziwa, alikuwa akitaniana na marehemu tangu siku alipokuja kuwarekodi ng'ombe wake na kukataa kumrekodi yeye. Alikuja msibani amevaa shati la marehemu lililokakamaa kwa gundi, mkononi ana mkasi, akawa anapita kati ya waombolezaji akiuchezesha karibu na pindo za kanga zao. Kanga hii nzuri, anasema, nipe nikabandike. Na hilo pua lako nalitaka kwa picha ya mlima. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Sheikh aligeukia upande mwingine, kama afanyavyo kila mara.

Sasa, mtani ana haki pia ya kushika kitu cha marehemu na kukaa nacho mpaka wenye msiba waje kukikomboa kwa kuku au kwa chochote watakachopatana. Wenye uzoefu hushika godoro au redio. Vijana wa familia walikuwa wameleta vyombo kutoka Kibaha kwa kigari cha mizigo, kirikuu, na sanduku moja la bati, lililojaa karatasi na kanda kuukuu, walikuwa wameliweka kando ya shimo la taka ili walichome watu wakitawanyika. Mama mtani akaenda moja kwa moja, akalikalia, akatangaza kwamba amelikamata. Uani walimzomea kwa furaha. Walimwambia safari hii amenasa yeye, maana hapatakuwa na mtu wa kutoa hata yai kukomboa takataka. Hakurudi nyuma. Alilipandisha kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe akaondoka nalo, na mimi nikalitazama likipotea nyuma ya mikorosho, nikijua kwamba kazi zote alizobakiza marehemu zimo humo.

Siku zilizofuata nilikosa raha. Niliwaza mbuzi wanavyopenda karatasi, nikawaza mvua, nikawaza mchwa. Niliwaza pia jinsi tunavyoishi sasa, kila mmoja ana kamera mfukoni, tunarekodi harusi, ugomvi na sahani za chakula, kisha simu inajaa na tunafuta vyote kwa kidole kimoja bila kuangalia. Kibaha yenyewe inabomolewa na kujengwa kwa kasi hiyohiyo. Ukuta uliouzoea asubuhi unaukuta lundo la mawe jioni. Marehemu alikuwa mtu pekee niliyemfahamu aliyelisogelea lundo badala ya kulizunguka. Niliona ni dhuluma kwamba yeye ndiye aishie kwenye shimo la taka. Lakini nilikuwa mgeni katika familia ile, na mgeni hana sauti katika mambo ya kukomboa.

Aliyeamua ni dada. Jamaa zake walimwambia aachane na lile sanduku, akashindwa, kwa sababu kwa desturi yao kumwachia mtani kitu cha marehemu bila kukikomboa ni kama kutangaza kwamba marehemu hakuwa na watu. Alinipigia simu nimpeleke Vihingo na gari langu. Tulikwenda na kuku jike na mchele kwenye kapu. Mama mtani alimpokea kuku, akamgeuza huku na huku, akauliza mbona amekonda hivi, au na yeye alikuwa na msiba. Dada akamjibu kwamba amekonda njiani, alipoambiwa anakuja kuishi na Wasukuma. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia dada akitania, nami nikacheka kwa sauti.

Kisha dada akamuuliza, bila utani, kwa nini alishika takataka na magodoro yalikuwepo. Mama mtani alishangaa kweli. Alisema kila marehemu alipopita kwake alikuwa akilizungumzia lile sanduku, kwa hiyo alijua hilo ndilo ndugu zake watakalolililia; alipoona wanacheka siku ile, alidhani ni namna yao ya kupunguza bei ya kukomboa. Hakufikiria kabisa kwamba wanasema kweli. Akatupeleka ndani. Sanduku lilikuwa juu ya mawe, na chini yake amemwaga majivu kuzuia mchwa.

Tulilifungua palepale uani kwake. Juu kabisa palikuwa na gunia lililoviringishwa, na dada alipolikunjua alikutana na uso wa mama yake. Ulikuwa mzima, macho yanatazama mbele, na kuanzia shingoni kwenda chini amevalishwa vipande vya kanga. Dada aliitambua kanga ile. Ilikuwa ya mama, iliyoangukia kwa mdogo wake walipogawana nguo zake baada ya msiba. Kikaratasi cha bei kilikuwa bado kimeshika kwenye ukingo. "Kumbe hakumuuza," alisema, na akakaa chini. Hofu moja ikawa imeondoka. Alipitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa uso, pale mkasi ulipopita, na nikaona ya pili bado ipo. "Lakini alimkata," akasema.

Marehemu hakuwa na mazoea ya kuandika majina kwenye kanda zake. Kila kanda aliibandika kipande cha kitu kilichomo ndani, na moja ilikuwa na kipande cha kanga ileile. Niliichukua nikaipeleka kwa fundi wa video za harusi pale Maili Moja, aliyebaki na deki ya zamani. Aliifungua, akaona ukungu, akaguna. Aliniambia ataisafisha, ila huenda ikacheza mara moja tu kisha ikakatika, kwa hiyo ataihamishia kwenye flashi hapohapo inapocheza na mimi niombe Mungu. Niliomba. Alipotoka chumbani na flashi mkononi nilimshukuru mpaka akaona aibu.

Tuliitazama Kibuta, sebuleni kwa dada, yeye, mjukuu wake, mimi, na mama mtani aliyekuja na maziwa akisema amelinda mali asiyoijua, ana haki ya kuijua. Filamu ilianza na fremu juu ya meza. Mikono ya marehemu ikang'oa misumari ya nyuma, ikatoa ubao, na udongo wa mchwa ukamwagika mezani. Yale madoa yaliyokuwa yakionekana kwenye kioo yalikuwa mchwa. Walikuwa wamekula gauni, wamekula mabega, wamejenga njia yao ya udongo kupanda mpaka chini ya kidevu. Mikono ikapangusa ule udongo. Kisha ikashika mkasi, na sauti yake, ambayo sikuwa nimewahi kuisikia katika filamu yake yoyote, ikasema polepole: "Mama, niwie radhi. Wamefika shingoni. Nakutoa kabla hawajafika usoni."

Alikata taratibu sana. Akaulaza uso kwenye kitambaa safi, akaipuliza ile kanga vumbi, akaanza kumvalisha kipande kwa kipande, na kila kipande kilikuja chenyewe bila mkono kuonekana, maana alirekodi picha moja baada ya nyingine, mpaka mama akawa amevaa. Hapo filamu ikaishia, bila hata jina la aliyeitengeneza. Mjukuu akauliza kama amrudishie bibi yake aone tena pale picha inapokamilika. Dada akatikisa kichwa. "Si hapo," alisema. "Nirudishie pale anapoomba." Mjukuu akarudisha. Ile sauti ikasema tena maneno yake, na ilipokwisha dada akaijibu, kwa sauti ya kila siku, kana kwamba mdogo wake yuko kwenye kiti cha mlangoni: "Amekuwia radhi, mdogo wangu. Lala." Mama mtani alikuwa wa kwanza kulia, na wa kwanza kusema kwamba kuku yule mwembamba hatoshi, anadai wa pili.

Tulicheka sana siku ile, nami nikarudi Kibaha nikiendesha polepole, bila wasiwasi wowote, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Picha iko ukutani katika chumba cha mama, na kufuli limetoka mlangoni. Zile kanda nyingine fundi anazisafisha. Lakini ningekuwa mnafiki kama nisingesema ninachokifikiria. Maneno yale aliyomwambia mama kwenye chumba kitupu yalikuwa mafupi, na angeweza kuyasema Kibuta, kwenye mkeka, kikombe cha chai mkononi. Dada yake angeyaelewa siku ileile, na wangekula pamoja miaka yote ile kwa moyo mweupe. Sisi tunaofanya kazi ambazo watu wa nyumbani hawazielewi tunapenda kusema kwamba kazi itajieleza yenyewe, na mara nyingine hujieleza kweli, kwa kuwa mtani fulani alikosea akalinda kile ambacho wenyewe wangekichoma. Kazi inaweza kumngojea hata mtazamaji ambaye hajazaliwa. Dada anayekuuliza swali moja anataka jibu leo, naye anastahili kulisikia kwa mdomo wako ungali hai.